Na Kazi Zake Zote

9 Januari

Mdogo wangu, Padri wetu,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshajibu "milele, amina" kabla hata hujatafuta miwani. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo uko imara. Juzi amemfukuza muuza ndoo mlangoni kwa kosa la kumwita bibi. Binti yangu ameingia kidato cha tatu na sasa anajua kila kitu duniani isipokuwa mahali ufagio unapokaa. Shemeji yako yuko safarini na lori, kama kawaida yake. Mimi na cherehani yangu tunashona sare za shule tangu Krismasi, mgongo umekuwa mkavu kama ubao.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu nyumba yetu ina masikio mengi kuliko vyumba, na hili sitaki Mama alisikie.

Unakumbuka nilikugusia kwamba tunaishi na mtoto wa jamaa mmoja wa shemeji yako. Mama yake alifariki, akaletwa kwetu mwezi wa kumi na begi moja la mgongoni. Ana miaka minane. Haombi kitu, hachezi, halii. Ukimtuma anakwenda, ukimwacha anakaa. Mwanzoni nilisema ni ugeni, atazoea.

Lakini tangu aingie, mdogo wangu, nyumba imegeuka. Pasi imeunguza vitambaa vya mteja ambaye hajawahi kunikosea. Cherehani inakata uzi bila sababu. Mimi na shemeji yako, akirudi, hatupitishi siku bila kurushiana maneno. Yote hayo ningeyavumilia. Kinachonitoa usingizini ni sauti.

Mtoto akirudi shule hujifungia stoo, pale ninapoweka majora ya vitambaa. Na humo ndani, Padri, anaongea mwanamke. Si mtoto anayeigiza, ni mwanamke mtu mzima, sauti nzito kidogo, taratibu, na mara nyingine anacheka. Binti yangu ndiye aliyeisikia kwanza, akatoka mbio na kandambili moja. Nikamkatalia. Kisha nikaisikia kwa masikio yangu. Nikafungua mlango: yuko peke yake, amekaa juu ya jora, ananitazama.

Askofu wako amekupa kazi ya kupunga pepo, na watu wanatoka mbali kukufuata. Sasa dada yako aliyekubeba mgongoni anakuita. Njoo umtoe huyo aliyemo ndani ya mtoto huyu.

Dada yako

*

2 Februari

Dada mpendwa,

Milele, amina. Na miwani niliipata, ilikuwa kichwani.

Mwambie Mama namwombea magoti, na muuza ndoo namwombea zaidi. Huku mvua imeharibu barabara ya kwenda kigango cha juu, kwa hiyo nakwenda kwa miguu. Mpishi wetu anadai nimepungua. Mpishi yeyote husema hivyo.

Dada, nimesoma barua yako mara kadhaa. Sikucheki. Mimi namwamini Mungu, na ninaamini kwamba Shetani yupo. Si hadithi ya kuwatishia watoto. Ni malaika aliyeumbwa mwema akakataa, na mpaka leo anafanya kazi ya kuwavuta wengine wakatae pamoja naye. Lakini ni kiumbe tu. Hajawahi kuwa mpinzani wa Mungu aliye sawa naye, wala haingii ndani ya watu kama mwizi anayekuta dirisha wazi.

Watu wakisikia kazi yangu wanadhani nashinda nikipigana mieleka. Ukweli ni kwamba kazi yangu kubwa ni kusikiliza. Wengi wanaoletwa kwangu nawapeleka hospitali, nao wanapona. Wengine wamefiwa, au wameumizwa na mtu wa karibu, na hakuna aliyewauliza. Wachache sana, sana, siwezi kuwaelezea, na kwa hao siinui mkono bila daktari kuwaona kwanza na askofu kuniruhusu. Kwenu huko ni jimbo jingine, chini ya askofu mwingine. Siwezi kuja kama mganga wa kuitwa.

Kwa hiyo anza hivi. Mpeleke mtoto kwa daktari. Kisha nijibu mambo mawili. Hiyo sauti inasema nini? Umeniambia ilivyo nzito na inavyocheka, lakini hukuniandikia hata neno lake moja. Na la pili: barua nzima umemwita "mtoto huyu". Hujalitaja jina lake, wala la mama yake. Jamaa gani wa shemeji? Mimi nawajua wote, nilikula nao kwenye harusi yenu.

Nasema haya kwa upendo. Shetani anayetajwa sana siku hizi ni yule wa kwenye video za simu, anayewagaragaza watu mbele ya kamera. Huyo ana kelele. Ninayemwogopa mimi ni yule mpole, anayekaa sebuleni na watu wema na kuwanong'oneza wamtafute wa kumlaumu. Jina lake maana yake ni mshitaki, Dada. Hiyo ndiyo kazi anayoipenda.

Ndugu yako

*

20 Februari

Padri,

Tumsifu Yesu Kristu.

Sote wazima. Mama anakusalimu.

Daktari amemwona, amempima kichwa, damu na masikio. Hana ugonjwa. Haya, umefurahi?

Nilikuomba uje, ukanitumia mahubiri. Aliyemo stoo ni pepo, wewe unaniambia aliyeko sebuleni ni mbaya zaidi. Sebuleni kwangu tunakaa mimi, Mama na binti yangu. Ulikuwa unamsema nani?

Maneno ya sauti hiyo sijayasikiliza. Nani anayesimama mlangoni kumsikiliza Shetani vizuri?

Jirani yangu wa saluni ana mtu wake, wanamwita Nabii. Ana ukumbi nyuma ya kituo cha mafuta. Watoto wamepona pale, ameniapia. Yeye hasubiri ruhusa ya askofu. Anamfungia mgonjwa ndani kwa mfungo mpaka kilichomo kitaje jina lake. Baada ya Pasaka nitampeleka. Usiseme sikukuambia.

Dada yako

*

11 Machi

Dada mpendwa,

Usinikasirikie kwa mwandiko, nimeumia kidogo mkono na mpishi ananisaidia kuandika. Si kitu.

Nisamehe kwa barua iliyopita. Ulikuwa na hofu, mimi nikakujibu kama darasani. Hukustahili.

Lakini nakusihi, kwa maziwa tuliyonyonya, usimfungie mtoto bila chakula. Kanisa linapomwombea mtu aliyeshikwa, linamshika mkono. Halimtishi, halimpigi, halimshindishi njaa, wala halimwulizi maswali mbele ya umati. Anayemtesa mtoto ili kumtoa Shetani anamfanyia Shetani kazi yake bure.

Mwite sista wa parokia yako akae na mtoto. Wewe mwenyewe nenda kaungame. Sisemi hivyo kwa sababu una dhambi kuliko wengine. Ni kwamba watu wanakimbilia kupungwa pepo na kusahau kwamba kitubio ni silaha kubwa kuliko sala yangu yoyote.

Na lile swali langu la pili bado lipo.

Ndugu yako

Shikamoo dada wa Padri. Mimi ni mpishi. Padri anasema, naandika. Sasa amelala, na haya hajaniambia niandike. Si kwamba ameumia mkono. Alianguka sakristia kabla ya misa, wiki ile ya Jumatano ya Majivu. Daktari kasema ni kiharusi kidogo. Mkono wa kulia hauinuki, mguu unaburuta. Amekataa msiambiwe. Anakaa dirishani mchana kutwa, hataki hata redio. Watu wake wanaletwa, anawarudisha. Juzi aliniambia padri asiyeweza kuinua mkono abariki ni kama sufuria iliyotoboka. Nikamwambia mimi sufuria zangu zote zimetoboka, naziziba, napika. Hakucheka. Nimeandika bila ruhusa, nitamwungamia yeye mwenyewe Jumamosi, aone atanipa malipizi gani. Msiache kumwandikia.

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimekaa kimya muda mrefu, na wewe umekaa ukingoja huku unaumwa. Ndiyo, najua. Usimgombeze mpishi, nitakuja kumpikia yeye. Mama hajui, nimemwambia una kazi nyingi, amesema kazi hazijawahi kukuzidi tangu uzaliwe. Kila siku jioni anakuombea bila kujua anakuombea nini hasa, na nadhani Mungu anajua.

Nakujibu sasa swali lako, kwa sababu nimechoka kulikimbia. Mtoto ana miaka minane. Mimi na shemeji yako tuna miaka kumi na saba ya ndoa. Hakuna jamaa yeyote. Mtoto ni wake. Kulikuwa na mwanamke kwenye mji anaopitia na lori, alikuwa akiuza vitambaa vya mezani na mapazia. Mimi ninashona, yeye alikuwa anauza vitambaa. Uone mume wangu asivyo na ubunifu. Alipofariki, shemeji yako alimleta mtoto, akaniambia ukweli pale pale kwenye ngazi, begi likiwa bado mkononi. Nikamwambia: "Ataishi hapa, lakini watu wataambiwa ni wa jamaa yako." Nilitaka nionekane mwema na wakati huo huo nisichekwe. Ndivyo nilivyomfungulia mlango yule mpole wako wa sebuleni.

Jina lake nilishindwa kuliandika kwa sababu mama yake alimpa jina la mama mkwe wangu. Kwa miaka minane kulikuwa na mtoto mwenye jina hilo, na mimi sikujua.

Sasa nisikilize. Nilimpeleka kwa Nabii.

Barua yako nilikuwa nayo mkobani. Nilimpeleka hivyo hivyo, asubuhi ya Jumamosi, na jirani wa saluni akitutangulia. Ukumbi ulikuwa umejaa, viti vya plastiki, spika mbili, kijana anarekodi kwa simu. Nabii si mtu wa kutisha. Ni mtu mnene, mchangamfu, alinisalimia kwa adabu. Kisha akamweka mtoto katikati na sura yake ikabadilika.

"Wewe uliyemo! Nani amekutuma kwenye nyumba hii?"

Mtoto akatazama spika.

"Uliingia lini? Uliingia kwa mama?"

Watu wakaitikia. Akamshika nywele, akamtikisa. "Taja jina lako! Hutoki humu, huli, hunywi, mpaka utaje jina lako!"

Mtoto akanitafuta kwa macho. Mimi nikatazama chini, Padri. Nakuambia kama lilivyo, nilitazama viatu vyangu.

Ndipo ile sauti ikatoka. Nzito kidogo, taratibu, hata haikutetemeka. Na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno yake.

"Usiogope, mwanangu. Mama yupo. Fumba macho, yataisha sasa hivi. Ukitoka hapa utakula."

Ukumbi ulipiga kelele, "Huyo! Huyo ametoka!" Spika zikalia, kijana wa simu akasogea karibu. Maneno hayo ninayajua. Nimemwambia binti yangu maneno hayo hayo alipokuwa anachomwa sindano. Kila mwanamke mle ndani aliwahi kuyasema. Ni pepo gani anayembembeleza mtoto?

Sikumbuki nilivyofika katikati. Nakumbuka niliutoa mkono wa Nabii kwenye nywele, kidole kimoja kimoja.

"Mama, usiingilie kazi ya Mungu," akasema.

"Ingekuwa kazi ya Mungu, mtoto angekuwa ameshakula," nikamjibu, nikamshika mkono mtoto, tukatoka. Jirani wa saluni hanisalimii mpaka leo. Nasuka kwingine.

Tukakaa kwenye kibaraza cha duka, nikamnunulia mkate na soda. Akala wote. Nikamwuliza, "Ile sauti ni ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yako anakujia?"

Akanitazama kama mtu asiyeamini mtu mzima anaweza kuuliza hivyo. "Mama alikufa. Ninamsema mimi. Nisipomsema nitasahau alivyokuwa anaongea."

"Na huko stoo huwa anakuambia nini?"

"Ananiuliza shule. Ananiambia nioge." Akanywa soda kidogo. "Pale panafaa kwa sababu vitambaa vinanukia kama dukani kwake."

"Na mimi? Ananisemaje?"

Hapo akaona aibu, akafuta meza kwa kidole. "Anasema nisikuchokoze. Anasema wewe si mbaya, una huzuni tu."

Mdogo wangu, nililia kwenye kibaraza cha watu mpaka mwenye duka akaniletea karatasi za chooni. Mtoto alikuwa amejitafutia mama wa kumtetea mbele yangu, na huyo mama, kumbe, alikuwa ananitetea mimi.

Nilikwenda kuungama siku ya pili yake. Nimemwambia Mama ukweli. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, mtoto ana masikio ya shemeji yako, yale kama vishikio vya kikombe. Kisha wiki iliyopita nilikuwa napanga majora, mtoto akaingia, akaona nipo, akataka kutoka. Nikamwambia akae. Tukakaa. Baada ya muda akaniuliza kama mama yake anaweza kuongea nikiwepo. Nikamwambia anaweza.

"Umeshindaje, dada?" akasema kwa sauti ile.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikajibu, "Salama, mdogo wangu. Mtoto amekula."

Usiniandikie kwamba naita wafu. Ninajua nilikuwa naongea na nani. Nilikuwa naongea na mtoto, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo ya kuniuliza kama amekaribishwa.

Shemeji yako nimemwambia alale sebuleni akirudi. Huyo bado.

Wewe sasa. Niandikie ukweli, kwa mkono wowote.

Dada yako

*

22 Juni

Dada,

Huu ni mkono wa kushoto. Unaona mwenyewe, kama kuku amepita. Nimekataa msaada wa mpishi kwa sababu sasa najua hali ya siri ikipita kwake. Malipizi nilimpa: asome rozari nzima. Anasema bora rozari kuliko angenyamaza.

Barua yako nilimpa aisome kwa sauti kwa kuwa macho yangu yanachoka. Ulipofika kwenye mkate na soda, aliiweka barua mezani, akaenda jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Umetaka ukweli. Miezi hii nimekaa na yule ninayewaambia watu wamkatae, na sikumtambua. Hakuja na pembe. Alikuja na sauti yangu mwenyewe, na alianza na jambo la kweli: mkono wako umekufa. Ni kweli. Kisha akaongeza: kwa hiyo na wewe umekwisha. Nikaunganisha hayo mawili kama mtu asiyesoma. Nimefundisha miaka mingi kwamba baba wa uongo huanza na ukweli nusu, na nikameza nusu ya pili bila kutafuna.

Kwako alifanya hivyo hivyo. Uliumizwa, hiyo ni kweli. Kisha akakuonyesha mtoto. Usijiite mwovu, Dada. Ulisikia uongo ukiwa na jeraha, na sauti ya kweli ulipoisikia ulisimama mbele ya spika mbili. Mimi nisingeweza kufanya zaidi na stola yangu.

Kuhusu shemeji sikusukumi. Mwambie tu aende kuungama, na asiungame kwa haraka haraka kama anayepita mizani na lori. Kusamehe kutakuja kwa mwendo wake.

Jumapili nilibariki watu kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja aliuliza kama inahesabika. Nikamwambia nitauliza juu.

Mtoto amebatizwa?

Ndugu yako

*

15 Septemba

Mdogo wangu, Padri wetu wa mkono wa kushoto,

Tumsifu Yesu Kristu. Mwandiko wako umenyooka, kuku sasa anatembea kwa mstari. Mama ameambiwa habari ya kiharusi na amepanga kuja kukuona mwezi ujao. Mwonye mpishi mapema, maana ataingia jikoni kwake bila hodi.

Hakuwa amebatizwa. Amebatizwa jana, baada ya mafundisho ya mwezi wa sita mpaka wa nane aliyoyafuata bila kukosa. Mimi ndiye msimamizi wake. Paroko aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nimekuwa msimamizi wa sare za watu wengi, na huyu nimemshonea gauni kwa mkono wangu. Nyeupe, marinda manne, mifuko miwili, kwa sababu alitaka mifuko.

Kanisa lilikuwa na watu wa kutosha. Shemeji yako alikuja. Alikuwa amerudi na lori alfajiri, akaoga, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango kama mgeni. Aliungama Ijumaa, sikumuuliza kitu.

Paroko akatusimamisha wote, akauliza kwanza: "Mnamkataa Shetani?" Mtoto akajibu kwa sauti yake, ile nyembamba: "Namkataa." Nami nikajibu. Jambo rahisi. Nani asiyemkataa?

Kisha akauliza: "Na kazi zake zote?"

Padri, nimejibu swali hilo kila Pasaka tangu utoto wangu, na halijawahi kunigusa. Jana lilinigusa. Nilikuwa naona ile ngazi ya mlangoni, begi, uongo nilioutengeneza mwenyewe, viatu vyangu nilivyovitazama pale ukumbini. Nilijua kazi zake moja moja, kama ninavyojua mishono. Wote walijibu. Mimi nikabaki na mdomo wazi na mshumaa mkononi, na paroko, Mungu ambariki, akasubiri. Kanisa zima likasubiri.

Mtoto huyu tangu aje hajawahi kuniita jina lolote. Akinihitaji husimama mbele yangu tu. Akanivuta mkono wa gauni, na kwa ile anayodhani ni sauti ya kunong'ona, iliyofika mpaka kwa wanakwaya, akasema:

"Mama mkubwa, jibu. Wanakungoja."

Watu walicheka. Nami nikacheka, huku machozi yananidondokea, na nta ya mshumaa inaniunguza vidole.

"Nazikataa," nikasema, kwa nguvu hata mpiga kinanda akageuka.

Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, baada ya kila mtu kumaliza, nikasikia mwanamume mmoja akijibu peke yake: "Nazikataa." Ilikuwa sauti ya shemeji yako. Sikugeuka. Lakini nilisogea kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, na baada ya muda nikasikia viatu vyake vikija.

Dada yako